Kengele ya Raundi ya Tano

Lukumani Ramazani,
Fundi Saa,
Karibu na Soko Kuu,
Kisangani.
Tarehe 27 Februari 1967.

Mpendwa kaka yangu, Yaya Sefu,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Nyota na watoto wote, na kwamba lile goti lako haliumi tena mvua zikianza. Sisi hapa tuko salama, tunamshukuru Mungu. Mama yako, ambaye kwangu ni mama mkubwa, Mama Mwanahamisi, anakula, anatembea, anagomba. Siku akiacha kugomba ndipo nitakupigia telegramu.

Kanga uliyomtumia ilifika. Aliivaa kwenda msibani kwa jirani, na nadhani siku ile watu waliitazama kanga kuliko jeneza. Aziza wangu alijifungua mwezi wa kwanza, mtoto wa kike, tumemwita Asha. Nikikaa kufungua saa ya mteja, yeye anachagua dakika hiyohiyo kupiga kelele, na skrubu zangu zinaruka kila upande. Tuambie na ninyi habari za Ujiji. Au umekula dagaa wa ziwa mpaka umesahau samaki wa Wagenia, wavuvi wa mto wetu?

Mji wetu wameubadilisha jina, Stanleyville imekwisha, kama ulivyosikia. Sasa hata serikali inauita Kisangani, kama sisi tulivyouita siku zote. Jina limetulia, watu bado. Tangu mapigano ya mwaka jana ya askari wenyewe kwa wenyewe, mtu akisikia lori linasimama mbele ya nyumba anaacha kutafuna. Utasema nazidisha. Njoo ukae hapa juma moja.

Anayekuletea barua hii ni Kadidja, yule muuza vitenge wa Kabondo. Anakwenda Bukavu kwa lori, halafu Bujumbura, halafu kwenu. Amekubali kukaa Ujiji siku mbili tu. Ndani ya siku hizo mbili nahitaji kitu kutoka kwako, na kitu chenyewe ni kizito kuliko vyote nilivyowahi kukuomba, hata kuliko ile baiskeli. Kama vijana unaowafundisha ngumi wako karibu, waambie waende wakaruke kamba. Soma peke yako.

Ni habari ya Constant. Najua hujamsahau, lakini acha nimtaje kama anavyotajwa leo: Constant wa Isangi, mpakuzi wa mizigo bandarini, bondia wa uzito wa juu, mume wa Julie, baba wa watoto wanne. Juma lililopita ofisa mmoja na askari wawili walifika kwake. Kuna mtu amewapelekea jina lake, kwamba mwaka 1964, waasi walipoushika mji, yeye aliwafanyia kazi ya kupiga wafungwa. Unajua neno kama hilo linampeleka mtu wapi. Wengine wamepandishwa lori kwa neno dogo kuliko hilo, na wake zao hawajui hadi leo kama wavae nguo za eda au waendelee kungoja.

Ofisa yule anapenda ngumi, na hiyo ndiyo pumzi tuliyobakiwa nayo. Julie alimlilia, akamwambia mume wake ni bingwa, mji mzima unamjua. Ofisa akamjibu, na Julie amenisimulia neno kwa neno: "Bon. Kama iko bingwa, jina yake iko wapi kwa ukuta ya club? Nilipita pale, sikuiona. Mulete karatasi ya club mbele ya Pasaka, yenye inasema huyu mutu iko wa heshima. Sinon, anaenda na sisi." Pasaka ni tarehe 26 Machi. Toka leo ni siku ishirini na saba, nami sina tabia ya kukosea hesabu ya siku.

Ukuta wenyewe unaujua, jina lako liko pale. Risasi za 1964 ziliutoboa vibaya, tukauziba kwa saruji, na mwaka huu tunaupaka rangi upya. Kwa hiyo kila jina linasomwa na kuulizwa kabla ya kuandikwa tena. Sheria ni ileile ya wazee walioanzisha chama chetu cha ngumi: bondia hasemewi na rafiki, wala ndugu, wala kocha. Anasemewa na wale aliowapiga. Watatu wasimame, au walete maandishi ya mkono wao, na kila mmoja aseme maneno mawili: alinipiga, na alinipiga kwa haki. Nje ya hapo, hata uwe umemwangusha ng'ombe kwa ngumi moja, ukutani huingii.

Kwa vijana wa uzito mdogo sheria hii haina taabu. Wamejaa tele, wanadonoana kila Jumamosi kama kuku. Kwa wazito ni shida, maana mji huu hauzai majitu kila mwaka. Maisha yake yote Constant amepata wazito watatu tu wa kupigana nao. Feruzi, dereva wa malori, Constant alimpiga. Yule mkulima wa Yahuma naye Constant alimpiga, na mkulima ameshaleta karatasi yenye alama ya kidole gumba. Wa tatu ni wewe, na wewe daftari la chama linasema ulimshinda.

Jana Jumapili tulikutana. Papa Sébastien, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, aliuliza swali moja: mzito anastahili ukuta kwa kitu gani? Ungecheka kusikia majibu, kama siku ingekuwa ya kucheka. Mmoja alisema ni hesabu ya walioanguka. Mwingine akasema hapana, mtu wa kilo mia akimwangusha mtu si ajabu, hata kabati likikuangukia utalala. Tutazame namna anavyopokea ngumi, kwa sababu wazito wengi wana mikono ya chuma na kidevu cha yai. Mzee mmoja akasema ni miguu, mzito asiyejua kutembea ulingoni ni gunia. Wakabishana hivyo hadi jasho likawatoka.

Halafu Feruzi akasimama. Unamjua, hana maneno mengi, na pua yake imepinda kushoto tangu Constant alipoigusa. Akasema: "Mi nasema hivi. Mutu mukubwa akikupiga, kuna kitu anabakisha ao habakishe. Constant alibakisha. Nilisikia kwa mwili. Angetaka, singekuwa hapa na watoto." Akakaa. Nimeyawaza maneno hayo usiku kucha. Nami naona ni kweli: mwepesi unampima kwa alichotoa, lakini mzito lazima umpime na kwa kile alichokizuia, kwa sababu yeye akikosa kukizuia mtu anakufa.

Nilidhani mambo yanakwenda vizuri. Hapo Désiré, katibu wetu, akafunga daftari polepole na kuuliza: "Na wale alipiga soixante-quatre, mwaka ya waasi? Wale pia wako na ruhusa ya kusema?" Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na kizingitini walikuwa wamesimama watu wawili nisiowajua, wenye viatu safi. Halafu macho yote yakanigeukia mimi.

Yaya, kuna jambo sikukuandikia. Nilikuambia mwaka ule kwamba niliumia taya kwa kuanguka kwenye ngazi. Sikuanguka kwenye ngazi. Constant ndiye aliyenipiga, mbele ya watu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, asubuhi. Wale waasi waliojiita Simba waliingia dukani, wakaona chemchemi, vioo, vyuma vidogovidogo, wakasema ni redio ya kuwaita ndege. Nikawaeleza kwamba ni saa. Jaribu siku moja kumweleza tumbo la saa mtu mwenye mkuki ambaye hajalala siku tatu. Walinipeleka kwenye ua wa nyuma ya ghala, tulikuwa watu kumi na mmoja, na raia wamekusanywa kutazama. Constant alikuwa pale. Walikuwa wamemtoa bandarini kwa sababu ya ukubwa wake, wakamwambia achague: apige, au wamlete Julie.

Mkubwa wao alikuwa na mchezo wake. Alitaka kuona mtu anaangushwa kwa ngumi moja. Aliyeanguka asiinuke walimhesabu amekwisha, wakamtupa nje majanini. Aliyebaki na nguvu za kusimama walimmalizia kwa marungu. Nilipofikishwa mbele ya Constant alinishika shingo kama anayenipima urefu, akaninong'oneza: "Fundi, anguka. Usiamuke. Uhesabu mpaka mia." Halafu akaongeza neno lingine, nitalifikia. Ngumi ikatua hapa chini ya sikio. Kelele ilikuwa ya kweli, nguvu ilikuwa nusu. Nikaanguka, nikahesabu mpaka mia, nikarudia tena mia, na nikiwa majanini nilikuwa bado nahesabu.

Sitakudanganya kwamba wote aliwapiga hivyo. Mwalimu Yakubu alitoka bila meno mawili. Na kuna mzee mmoja hakuinuka kabisa. Sijui kama ni ngumi au ni moyo wake, na Constant mwenyewe hajui, nimemuuliza, akageuka akatazama mto. Juzi nilimwendea Mwalimu Yakubu aje atusaidie. Alifunga dirisha kwanza, ndipo akanijibu: "Meno mbili kwa roho moja, iko sawa, namushukuru. Mais usitaje jina yangu pale." Simlaumu. Kila mtu hapa analinda mlango wake.

Basi jana, macho yote yakiwa kwangu, nilisimama. Nikasema: ndiyo, alinipiga, na niko hai kwa sababu aliyenipiga ni yeye. Désiré akauliza kwa nini nilikaa kimya miaka miwili na zaidi. Nikamwambia: baada ya Novemba ile, waasi walipofukuzwa, mtu aliyesema ameokolewa na mtu wa waasi alikuwa anajiandikisha mwenyewe kwenye orodha. Wale wenye viatu safi hawakutikisika.

Papa Sébastien akagonga meza. Akasema, na ana haki, kwamba mambo ya nje ya ulingo hayahesabiki ukutani, si kwa wema si kwa ubaya; tunahesabu ngumi za ulingoni tu. Na ulingoni Constant ana watu wawili. Hajapata watatu. Akachukua kalamu aandike kwamba ombi limekataliwa. Nikaona kalamu yake inashuka kwenye karatasi, nikajua kwamba akiandika, Constant amekwisha, maana chama kilichomlea kikimkataa, ofisa hana cha kuuliza tena. Ndipo nikasema nilichosema, na sasa inanibidi nikuambie wewe, ingawa ilipasa uwe wa kwanza kuambiwa, miaka saba iliyopita.

Raundi ya tano, Yaya. Jumamosi tarehe 2 Julai 1960, siku mbili baada ya uhuru, saa kumi alasiri, uwanja umejaa mpaka juu ya paa za nyumba. Mimi nilikuwa mtunza saa. Walinichagua kwa kuwa walisema mkono wa Lukumani hauna kosa. Uliongoza raundi mbili za kwanza, hilo hakuna atakayekunyang'anya. Lakini kuanzia ya nne mkono wako wa kushoto ulikuwa umeshuka na goti limeanza kucheza. Katika ya tano alikusukuma kwenye kamba za upande wangu. Niliona macho yako, hayakuwa yananiona. Niliona bega la Constant linarudi nyuma. Saa yangu ilisema zimebaki sekunde kumi na nane.

Nikapiga kengele.

Sikukosea. Sikubabaika. Nilipiga kwa kusudi, ili upate kigoda na maji, kwa sababu wewe ni ndugu yangu na mama yako alikuwa amekaa safu ya pili akishika kichwa. Ngumi ilikuwa imeshaanza safari. Ikatua baada ya kengele, ukalala chini. Watu wetu wa msikitini wakapiga kelele, kosa, kosa. Watu wa mto, wa upande wa Constant, wakashika viti wapigane. Mwamuzi akamtoa Constant kwa kupiga baada ya kengele, na wakauinua mkono wako wakati bado hujui uko mji gani. Kengele ilikuwa ya uongo na ngumi ilikuwa halali. Siku ile alikushinda.

Na Constant alijua. Bondia aliyezoea, mwili wake una saa. Dakika tatu anazijua kama wewe unavyoijua njia ya chooni gizani. Alinitazama mara moja tu, akateremka ulingoni. Mwezi uliofuata jina lako lilipoletwa kwa ajili ya ukuta, ulikuwa na Feruzi na yule wa Yahuma, umepungukiwa na mmoja. Unakumbuka aliyesimama? Constant alisimama, akasema: "Sefu alinipiga. Na kwa haki." Ulimpa mkono. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nimeshika kopo la rangi.

Hilo ndilo neno aliloniongezea kwenye ule ua wa ghala, mkono wake ukiwa shingoni mwangu: "Ile kengele, nilijua." Angeweza kunilipa pale pale, bila hata kubadilisha uso. Alikuwa na sababu, alikuwa na ruhusa, na watu wangempigia makofi. Juzi nilimuuliza kwa nini hakusema lolote siku ya pambano. Akainua mabega: "Ilikuwa indépendance, fundi. Watu walikuwa wameshika viti. Ningesema, wangeuana sababu ya mimi."

Yote haya niliyamwaga jana mbele ya watu arobaini. Wachache walicheka, wakidhani ni mbinu. Désiré akasema fundi saa amebuni hadithi ya kumwokoa rafiki yake, na leo asubuhi wateja watatu wamekuja kuchukua saa zao kabla sijazimaliza. Mmoja aliiweka sikioni mbele yangu, akasikiliza kwa muda mrefu, akaondoka bila kuaga. Ninastahili. Nimekula mkate wa jina la uaminifu miaka yote hii, na siku moja niliyohitajika kuwa mwaminifu sikuwa.

Papa Sébastien hakucheka. Aliweka kalamu chini, akasema: neno la mtunza saa halitoshi. Mtu aliyepigwa ndiye anayesema. Sefu aandike kwa mkono wake, kabla ya Pasaka, na jina la Constant litaandikwa na karatasi itatoka. Asipoandika, mambo yabaki yalivyo. Ndivyo tulivyoachana.

Najua ninachokuomba, usifikiri sijui. Pambano lile likihesabiwa kwa Constant, wewe unabaki na watu wawili, na rangi mpya itapita juu ya jina lako. Kadidja ameniambia kuna kibao mlangoni pako huko Ujiji, Bingwa wa Stanleyville, na vijana wanatoka mbali kujifunza kwako kwa sababu ya kibao hicho. Constant naye anajua. Leo mchana alikuja dukani, akasimama mlangoni mpaka duka likawa giza, akaniambia: "Usimuandikie Sefu. Jina njo chakula yake kule, njo inamulisha. Muache nayo. Mimi nitaona na Mungu." Nikamwambia ndiyo, nimekusikia. Akaenda zake. Nikafunga duka, nikakaa kukuandikia.

Kasirika, Yaya, una haki. Nikasirikie mimi, si yeye. Ukipata nafasi njoo unipige, nami nitasimama mbele ya ukuta na kusema ulinipiga kwa haki. Lakini kuna jambo moja limenisumbua miaka yote, na leo nalitoa: kwa nini hukuwahi kudai pambano la pili? Mtu mwenye mdomo kama wako, aliyeshinda kwa kosa la mwenzake, angelidai kesho yake. Hukudai. Mwaka 1962 ukaondoka. Sikuulizi. Nataka tu ujue kwamba nimeliona.

Ninachohitaji ni mstari mmoja. Andika kwa mkono wako, si kwa mkono wa shemeji wala kwa mashine: Constant alinipiga, na alinipiga kwa haki. Weka jina lako na tarehe. Usieleze habari ya kengele, usinitetee, usinitukane humo ndani. Matusi yangu yaweke kwenye karatasi nyingine, nitayasoma yote. Mpe Kadidja. Akiondoka kwenu kabla ya tarehe 15, na Mungu akiziweka wazi barabara, atafika.

Tarehe 28, Jumanne.

Nilisimamisha kalamu jana kwa sababu Mama Mwanahamisi aliingia. Alikuwa ameshasikia sokoni; hapa neno halina haja ya posta. Akaniambia nisome. Nikamsomea yote, tangu kanga hadi hapo juu, na nilipofika kwenye kengele nikarudia mstari huo mara mbili. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikaa akikunjua na kukunja ncha ya kanga yako.

Unajua kwamba hasomi, lakini jina lako analijua lilipo. Kila Ijumaa akitoka kwa dada yake anapita pale chamani, mlango ukiwa wazi anasimama kidogo njiani, anaangalia, halafu anaendelea. Hakuna anayemwambia kitu. Sijui kama nitaweza kumtazama usoni tena Ijumaa ijayo.

Kabla sijaandika neno lake, nimalize salamu. Nisalimie sana shemeji Nyota na watoto mmoja mmoja. Aziza anakusalimu, na Asha anakusalimu kwa kelele. Feruzi anasema pua yake inakukumbuka pia. Papa Sébastien anakuombea afya. Julie hakusema nikusalimu, hajui kama nimekuandikia. Lakini leo asubuhi nilimwona dirishani, na alikuwa anasikiliza malori barabarani.

Sasa neno la mama yako. Amesema niliandike kama lilivyotoka mdomoni mwake, nisilinyooshe: "Sefu, nilikuzaa hauna jina kwa ukuta, na nilikupenda. Julie pia iko na watoto. Andika."

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe mkono usiotetemeka.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, na leo ninayekuogopa,

Lukumani.